Siku Tulipouza Darubini ya Baba

Mafuta ya cherehani hayatoki nguoni. Utafua, utaanika, utapiga pasi, na bado pua itayapata. Ndiyo harufu iliyonipokea nilipofungua droo ya meza ya cherehani ya Mama, wiki moja baada ya hitma ya arobaini yake. Mdogo wangu Idi alikuwa nje akibishana na mafundi wa paa. Tulikuwa tumeshakubaliana kwamba yeye atachukua kitanda na kabati, mimi nichukue cherehani. Watoto wetu walitaka iende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, nikawaambia atakayeigusa tutajuana.

Ndani mlikuwa na vitu vya kila mshonaji: bobini, chaki, makasi butu, vifungo vya mashati ya watu waliotangulia zamani. Nyuma kabisa palikuwa na kifurushi cha kitenge kilichofungwa kwa uzi mweusi. Nilipokipapasa tu, kabla ya kukifungua, vidole vyangu vilijua kilichomo. Nilikaa sakafuni, mimi na magoti yangu haya mabovu, nikasema kwa sauti, "Mama wee! Kumbe ulikuwa nacho!"

Kuwaeleza kilichokuwemo, lazima nianzie Gihosha, mtaa ulio mlimani juu ya ziwa.

Baba alikuwa mtoto wa Buyenzi, fundi wa magari ambaye kucha zake sikuwahi kuziona safi hata siku ya sikukuu. Alipata kazi kwa mzungu mmoja mwalimu aliyekaa Gihosha, akawa anamtunzia gari, jenereta na geti, na sisi tukakaa nyumba ndogo ya nyuma. Vita vilipoanza, mzungu aliondoka na begi moja. Funguo za nyumba kubwa alizirudisha kwa wenyewe, wakaturuhusu tubaki kule nyuma. Baba akaachiwa darubini. Mama aliitazama, akasema yeye angependelea friji.

Lilikuwa bomba jeupe, refu karibu sawa na mimi wa miaka tisa, lenye kusimama juu ya miguu mitatu ya mbao. Mbele lilikuwa na kioo cha upana wa kisahani cha chai. Nyuma ulichomeka jicho lake, kidude cheusi cha chuma na kioo kilichoenea kwenye kiganja changu. Bila jicho hilo ungetazama mchana kutwa usione chochote. Ndani ya sanduku lake la mbao mlikuwa pia na pete ya chuma, pana, yenye meno ya parafujo kwa ndani, ambayo Baba hakuijua kazi yake. Aliipiga msasa, akanivisha mkononi. Nikawa mtoto pekee wa Gihosha mwenye bangili ya mzungu.

Darubini ile iligeuza dunia miguu juu. Ukitazama ziwa, maji yako juu na mbingu iko chini, na mitumbwi inaning'inia kama popo. Baba alinifundisha kuielekeza. Ukitaka kitu kiende kulia, sukuma kushoto, ukitaka kipande, shusha. "Ni kama kuongea na mama yako," alisema, na Mama akamrushia ganda la muhogo. Tuliangalia mwezi wa alasiri, ule unaotoka upande wa milima jua likiwa bado kali, kwa sababu magharibi ikiingia kila mtu alifunga mlango wake na marufuku ya kutembea usiku ikaanza. Lakini mimi nilichopenda zaidi ilikuwa Uvira, mji wa nchi jirani. Siku mvua ikishaosha hewa, ng'ambo ya ziwa ilikuja mpaka uani kwetu, mabati na minazi na ukingo wa mchanga, vyote vikiwa vimesimama kwa vichwa.

Kisha nchi jirani zikatuwekea vikwazo. Mipaka ikafungwa, mafuta yakaadimika, vipuri vikaisha madukani, na fundi asiye na vipuri ni mtu wa kupiga soga tu. Baba akasema atakwenda Uvira kutafuta, wiki moja tu. Mama hakutaka. Walibishana usiku kucha, nami nikawa nasikia kupitia ukuta. Asubuhi Baba alivaa shati lake jeupe la Ijumaa, akainama akanibusu.

"Usilie. Nikifika nitasimama pale ku mchanga na hii shati. We utaniona mu bomba yako."

"Kweli?"

"Lini mi nilikudanganya?"

Siku ya tatu nikamwona. Doa jeupe dogo mno pale ukingoni mwa maji, likitikisika. Nilipiga kelele hata kuku wakakimbia. Tangu siku hiyo nilimtazama kila alasiri, na nikishamaliza nilimpelekea Mama ripoti. Leo amepunga mkono. Leo amekaa. Leo amepunga mikono yote miwili. Mama aligeuza uso akaendelea na alichokuwa akifanya, nami nikaona ana roho ngumu.

Maana Mama alikuwa amebadilika. Alivua bangili zake zote. Aliacha wanja, aliacha udi, akawa anavaa nguo moja iliyopauka siku nenda rudi. Sokoni hakwenda tena, hata gengeni hakufika, Shangazi Mwajuma, dada yake Baba, ndiye aliyetuletea vitu kutoka Buyenzi. Siku moja alikuja na wanawake wengi, wakakaa mkekani, wakanyamaza kila nilipoingia. Shangazi akaniambia wamekuja kusalimu tu. Nilikaa nikafikiri sana, nikafika kwenye jibu langu: Mama amemnunia Baba kwa kuondoka bila ridhaa yake. Mama alikuwa hodari wa kununa, kwa hiyo sikuona ajabu.

Nyinyi mnaosoma mmeshajua. Mama alikuwa anakaa eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki, hajipambi, wala hakai mbele ya mwanamume asiye maharimu wake. Kila mtu pale Gihosha aliyejua mambo ya Waislamu aliliona hilo kwa jicho moja. Mtu pekee ambaye hakuliona alikuwa yule mwenye darubini.

Basi ikaja habari ya kugawanywa. Mjomba wa Rumonge alituma salamu kwamba atanichukua mimi, na Idi, aliyekuwa na miaka mitatu, aende kwa Shangazi. Mama atatazamwa baadaye. Shangazi alipoileta habari hiyo, Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Watoto yangu si nyama ya akika," alisema. "Hakuna mutu atawagawa."

"Sasa utawalisha nini, wifi? Mawe?"

"Mi najua kushona. Nitafutie mashini. Nitauza ile kitu ya baba yao."

Nilikuwa mlangoni. Sikuwahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Mama dakika ile. Huyo anayenuna, nilijiambia, sasa anataka hata nisimwone Baba.

Shangazi alizunguka mji mzima. Nani atanunua darubini wakati watu wanatafuta sabuni? Lakini alirudi na jina. Nyakabiga kulikuwa na mpiga picha anayeitwa Anselmi, mwenye studio ndogo, na ndani ya studio kulikuwa na cherehani ya mkono ya marehemu mama yake. Aliposikia kuna darubini ya lenzi nzuri, aliinuka kitini. Hakuwa na cha kulipa ila ile cherehani. Mama akasema hicho ndicho anachokitaka.

Siku moja kabla Anselmi hajaja, nilichomoa jicho la darubini nikalizika kwenye gunia la makaa, chini kabisa, ambako niliamini mtu mzima hafiki. Ungedhani sijawahi kumwona Mama akiwasha jiko. Walipolitafuta nilitafuta nao, nikainama chini ya vitanda kwa bidii kuliko wote. Nilijua darubini haiwezi kuuzwa ikiwa kipofu.

Anselmi alifika baada ya adhuhuri akisukuma baiskeli. Alikuwa mtu mwembamba mwenye kofia, kamera yake ikining'inia shingoni kwenye mfuko wa ngozi. Mama alikuwa ameshafunga pazia kati ya chumba na sebule. Shangazi alikaa mlangoni kama askari. Mimi niliamini Mama anajificha kwa aibu ya kuuza kitu cha watu.

"Karibu, Bwana Anselmi," Mama alisema nyuma ya pazia. "Utanisamehe, siwezi kutoka."

"Apana matata, Mama Salma. Na pole sana."

Nilidhani anampa pole kwa jicho lililopotea.

"Nakuambia mapema," Mama akaendelea. "Ile kitu haina jicho. Ilikuwa nayo, imepotea. Usiende kusema ku Nyakabiga Mama Salma alikuuzia kipofu."

Nikangoja ainuke aondoke. Badala yake alicheka, akaipigapiga kamera yake.

"Jicho? Mi siko na lazima ya jicho, Mama. Apareyi yangu ndiyo jicho yake. Ngoja kwanza niione."

Tukaitoa uani. Yule mtu aliikagua kama mtu anayenunua ng'ombe. Alikipumulia kioo cha mbele, akakiinamisha kwenye jua kutafuta ukungu na mikwaruzo. Alizungusha gurudumu la kusogeza, mbele na nyuma, akisikiliza. Alitikisa miguu mitatu mmoja mmoja. Kisha akafungua sanduku, akapapasa kila pango la ndani, na uso wake ukaanguka.

"Bon. Kuna shida. Inatakiwa pete ya chuma, ya kufungia apareyi ku bomba. Nafasi yake ndiyo hii, lakini haimo. Bila ile pete, Mama, mi sitaweza kuichukua."

Nilifurahi mpaka nikapiga makofi, na hilo ndilo lililoniponza, maana kelele za makofi zilimfanya ageuke. Akanitazama mkono.

"We mutoto. Iyo bangili ulitoa wapi?"

"Ni yangu! Baba alinipatia!"

Nikauficha mkono mgongoni. Kisha sauti nyuma ya pazia, wala haikupanda.

"Salma. Vua."

Nilisema haitoki, na ilikuwa kweli, nilikuwa nimekua nayo. Shangazi alileta sabuni na maji. Akanishika kiwiko, akavuta, nikalia, akavuta tena, na pete ikatoka na ngozi kidogo. Nilikuwa nimeficha jicho kwenye makaa, halafu nimekaa mbele ya mnunuzi huku nimeivaa dawa yake mkononi. Mjanja wa Gihosha nzima!

Anselmi aliifuta, akaifunga kwenye kamera, akaifunga kamera kwenye bomba, na vikashikana kana kwamba vilizaliwa pamoja. Akaelekeza kwanza kwenye kikombe cha kaure cha kushikia nyaya juu ya nguzo ya umeme, akisema lenzi mbaya huweka rangi ya zambarau ukingoni mwa kitu cheupe. Akaridhika. Akaenda kwenye mwezi wa siku ya nane uliokuwa juu ya milima, akakaa hapo muda mrefu mpaka Shangazi akakohoa.

"Unataka kuufanyia nini mwezi, baba?" Shangazi aliuliza.

"Watu wanaoana saa nane mchana siku hizi, juu ya couvre-feu, hii marufuku ya usiku. Hakuna tena picha ya magaribi ku ziwa, hakuna dansi. Mi nitapiga huu mwezi, niukuze ukubwa wa ukuta, niubandike mu studio. Bwana na bibi harusi wasimame mbele yake. Usiku wametunyima, basi mwezi nitawapatia mi mwenyewe."

Alisema hivyo kwa hasira kidogo, na nilianza kumpenda bila kutaka. Nilimsogelea. Nilifikiri, kama kamera yake inaona vizuri namna hii, basi afanye jambo moja la maana kabla ya kuiba kitu chetu.

"Angalia Uvira," nikamwambia. "Pale ku mchanga, karibu na minazi mitatu. Baba yangu amesimama pale. Ana shati nyeupe. Mwambie Mama kama unamwona, yeye haniamini."

Nilisukuma bomba kushoto ili liende kulia, nikamwekea. Aliinama. Shangazi alisema "Salma!" Anselmi alitazama, akazungusha gurudumu, akatazama tena. Alipoinuka hakunitazama mimi, alilitazama pazia.

"Mama Salma, nimwambie nini huyu mutoto?"

"Mwambie unachoona."

"Ni bâche," alisema polepole. "Ni ile turubai nyeupe ya wakimbizi. Wamejenga vibanda pale. Kimoja kona yake imefunguka, upepo unaipiga. Hakuna mutu, mwanangu."

Nikasema ni mwongo. Nikasema apareyi yake ni mbovu. Nilikuwa nimeanza kupiga kelele pale pazia lilipotikisika, na mkono wa Mama ukatoka chini yake, mtupu, bila bangili hata moja.

"Salma, njoo ukae hapa."

Nikaenda nikakaa chini, upande wangu wa pazia. Akanishika kifundo cha mkono pale pale palipochubuka.

"Baba yako hakufika Uvira. Gari yao ilipigwa mu njia, siku ileile, hawajafika hata ku mpaka. Waislamu wa kule walimzika kabla ya magaribi. Mi niko mu eda. Ndiyo sababu niko huku nyuma."

"Mbona hukuniambia?"

"Kila jioni ulikuja kuniambia amepunga mukono. Nilitaka mutu moja mu hii nyumba alale. Nimekosea. Unisamehe."

Nakumbuka Anselmi alivua kofia na kwenda kusimama karibu na baiskeli yake. Nakumbuka niliwaza shati, kwamba kama hakufika, basi shati lile jeupe liko wapi. Sikulia. Nililia mwezi mmoja baadaye, kwa sababu ya kiatu kilichokatika, na sikunyamaza mpaka siku ya pili.

Mama aliniacha mpaka pumzi yangu ikatulia. Kisha akaubana mkono wangu.

"Sasa sikiliza kazi. Mi siwezi kutoka, shangazi yako haoni karibu na hajui sindano. We ndiye unajua. Utaenda na Bwana Anselmi, wewe na Shangazi, na bomba." Akanipitishia kipande cha kitenge chini ya pazia, na uzi mweusi. "Ashone hiki mbele yako. Usitazame juu. Juu kila mashini inadanganya. Geuza, utazame chini. Kama chini uzi imefanya mafundo, mwambie asante, urudi na bomba yako. Kama iko sawa, mwachie, ulete mashini. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi nenda."

Tulishuka Gihosha, Anselmi akisukuma baiskeli, darubini imefungwa juu yake ndani ya mkeka, Shangazi nyuma akiilaani miguu yake. Kwenye kizuizi askari wawili walituona tukiwa mbali. Mmoja alisimama na bunduki.

"Ibi ni ibiki? Hii ni nini?"

Anselmi alianza kueleza, ulimi ukamgonga meno. Nilielewa kwa nini. Mkeka ulikuwa umefunguka upande mmoja, na bomba jeupe lililochungulia pale lilifanana na silaha kuliko silaha yenyewe. Kama siku ile ingekuwa jana, ningetulia na kuacha wainyang'anye, isiende kwa yeyote. Lakini nilikuwa nimepewa kazi. Nikasogea mbele.

"Ni ya kuangalia mwezi, afande. Huna haja ya kuogopa. Nikuonyeshe."

"Nani anaogopa?" askari alisema, na mwenzake akacheka.

Tukaisimamisha pale pale barabarani, kamera ya Anselmi ikiwa jicho lake. Nikaupata mwezi haraka, nikamwambia ainame asiguse. Askari aliinama na bunduki mgongoni. Alikaa hivyo mpaka watu wa nyuma yetu wakaanza kunung'unika.

"Kumbe iko na makovu," alisema mwishowe. "Kama mutu aliugua tetekuwanga akajikuna." Akamwita mwenzake naye aone. Kisha akanitazama mimi. "Nani alikufundisha?"

"Baba," nikasema. "Amekufa." Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka.

Akatupungia mkono tupite.

Studio ya Nyakabiga ilinuka dawa za picha. Cherehani ilikuwa kwenye kona, imefunikwa kitambaa cha meza, na juu yake chombo cha maua ya plastiki. Anselmi aliyatoa maua kwa heshima, akapangusa vumbi, akasema tangu mama yake afariki hakuna aliyeigusa. Nilitia uzi mwenyewe. Nikaweka kitenge. Akazungusha mpini, na sindano ikakimbia kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Juu mshono ulinyooka kama mstari wa daftari. Anselmi alitabasamu. Nikageuza.

Chini kulikuwa na tambi. Uzi ulikuwa umejikunja, umelegea, umefanya mafundo makubwa kwa madogo, hakuna hata inchi moja iliyoshika. Nguo iliyoshonwa hivyo ingeachia mara ya kwanza mtu anapoinama kufunga kiatu. Anselmi hakuona, alikuwa ameshaanza kupima ukuta kwa kamba, pale mwezi wake utakapokaa. Shangazi alikuwa anasugua miguu.

Darubini ilikuwa imesimama mlangoni. Neno moja tu lilitosha. Mama mwenyewe alikuwa amenipa neno hilo, asante, na hakuna ambaye angenilaumu. Nilikuwa na haki yote ya kurudi na bomba la Baba mpaka uani kwetu. Asubuhi ile ningelisema kwa kuimba.

Nikajiuliza nikirudi nalo, nitatazama nini? Nikaona turubai ikipigwa na upepo. Nikamwona Idi kwa Shangazi na mimi Rumonge, na Mama peke yake nyuma ya pazia. Nikawaza pia kwamba mwanamke anayeweza kukaa siku zote zile akisikiliza ripoti zangu bila kuvunjika hawezi kushindwa na kipande cha chuma. Nikakunja kitenge, upande mzuri nje, mara mbili, mara tatu, nikakibana kwenye ngumi.

"Iko sawa," nikamwambia Anselmi. "Tufunge mashini ku baiskeli."

Jioni, kabla ya marufuku, Mama alikipokea kitenge chini ya pazia.

"Ulitazama chini?"

"Nilitazama."

"Iko aje?"

"Sawa na juu."

Nilingoja. Sikusikia kitambaa kikifunguliwa. Nilisikia tu pumzi yake, kisha, "Alhamdulillahi. Ingiza mashini." Nikaamini nimempata. Kesho yake nililiendea jicho langu kwenye gunia la makaa, nikachimba mpaka chini, nikachafuka mpaka masikioni, nisilione. Nikajua limeungua jikoni, na kwamba nimeliua mwenyewe. Sikumwambia mtu.

Siku tatu Mama hakushona. Alifungua ile cherehani skrubu kwa skrubu, akaipanga juu ya gazeti, akaitia mafuta, akaifunga, akajaribu, akanung'unika, akaifungua tena. Niliuliza anafanya nini. Akasema anaizoea. Siku ya nne niliamshwa na mlio wake, na mlio huo haukunyamaza miaka yote ya vita. Eda ilipokwisha tulihamia Buyenzi, sote watatu. Mama alishona sare za shule, mapazia, suruali za askari na gauni za maharusi walioelekea Nyakabiga kusimama mbele ya ule mwezi. Mimi pia nilipoolewa nilisimama pale. Anselmi alinitengeneza kidevu, akasema ile pete bado anayo, kama naitaka. Nilimwambia mkono umenenepa.

Ndiyo nikarudi kwenye sakafu na kifurushi changu. Nilikata uzi mweusi. Jicho la darubini lilikuwa safi, linang'aa, isipokuwa kwenye mitaro ya chuma ambako masizi ya makaa hayakutoka. Idi aliingia akitafuta nyundo, akaniona nimekaa chini.

"Ah, hiyo," alisema. "Mama alikuwa anatilia uzi nayo tangu macho yalipoanza kumchosha. Ukiigeuza inakuza tundu la sindano. Hukujua? Mi aliniambia ni ya kwako, nisiichezee."

Akachukua nyundo akatoka. Nikakitazama kitambaa kilicholifunga. Kitenge cha kijani, mshono mmoja mweusi katikati, umenyooka kama mstari wa daftari. Kilikuwa kimekunjwa mara moja tu, na upande wa nje ulikuwa ule wa tambi. Niliweka jicho juu yake nikaona kila fundo, kubwa kama kamba ya meli. Mtoto wa jirani angeliliona bila kioo. Mama, fundi wa kushona, alikifungua jioni ileile, akaona kwamba cherehani ni mbovu na mwanawe ni mwongo, akasema Alhamdulillahi, akavipokea vyote viwili. Kisha akakaa chini kuvinyoosha, kimoja kwa siku tatu na kingine maisha yake yote, na hakuniambia neno.

Nililia hapo, vizuri, bila haraka. Nilipomaliza niliinuka nikashika meza. Nikaligeuza jicho, nikatia uzi mweusi, nikakiweka kile kitenge chini ya sindano kando ya mshono wa zamani, nikazungusha mpini mpaka mwisho. Nikakata uzi. Sikutazama juu. Niligeuza nikatazama chini.

Chini palikuwa sawa na juu.